Kabla hujaformati: kutafuta sauti iliyopotea kwenye kompyuta ya nyumbani

Mashini yangu ya kwanza iliformatiwa (yaani diski ilifutwa na Windows ikawekwa upya) bure kwa sababu ya kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya mchele. Ilikuwa imenyamaza ghafla, nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa Goma. Hakuigeuza hata mara moja kuitazama. Aliiwasha, akabonyeza vitufe viwili vitatu vya sauti, akatikisa kichwa: "Windows imeharibika, tuformati." Nikakubali, kwa kuwa sikujua kitu. Picha za dote (mahari) ya dada yangu zikaenda, kazi za shule zikaenda, pesa nayo ikaenda. Jioni nikafungua muziki: kimya kilekile.

Wiki iliyofuata fundi mwingine, kijana mdogo, alichukua simu yake, akawasha tochi na kumulika tundu la hedifoni. "Yaya, kuja uone." (Yaya kwetu ni ndugu mkubwa.) Ncha ya jeki ilikuwa imekatikia mule ndani. Kompyuta ilikuwa inaamini nimevaa hedifoni, kwa hiyo ilizima spika zake kwa utiifu wote.

Tangu siku ile nimetengeneza kimya cha kompyuta za majirani, za kanisani na za ofisi moja ya mtaa wa Himbi. Sijaformati hata moja kwa ajili ya sauti. Sauti ina safari yake: inatoka kwenye programu, inapita Windows, inapita piloti (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa; wenzetu wa Tanzania huiita draiva), inafika kwenye chipu ya sauti, inatokea kwenye spika au kwenye tundu. Imekwama mahali pamoja tu. Ukipajua mahali hapo, kazi imekwisha nusu.

Naandika kwa mwenye Windows 10 au 11, na majina ya vitufe nayaacha kwa Kifaransa jinsi yanavyoonekana kwenye skrini, maana mashini nyingi zinazotufikia huku zimewekwa lugha hiyo.

Kimya cha nani?

Mama mmoja jirani aliniita jioni: "Mutoto yangu, mashini haisemi tena." Nikakuta anafungua video moja tu, ya harusi, aliyotumiwa kwa WhatsApp. Video yenyewe ilirekodiwa bila sauti. Tulicheka, nikanywa chai, nikarudi nyumbani.

Kwa hiyo jaribu vitu vitatu kabla ya kugusa chochote. Fungua wimbo uliomo ndani ya diski. Fungua video kwenye intaneti. Kisha bofya alama ya spika karibu na saa, vuta mstari wa sauti na uuachie: Windows hutoa mlio mdogo, "ding". Ukisikia mlio huo lakini video ya intaneti ni bubu, kompyuta yako ni nzima na tatizo liko kwenye kivinjari. Tazama kichwa cha ukurasa juu kabisa: kama kuna kialama cha spika iliyokatwa mstari, bofya hapo kwa kitufe cha kulia na urudishe sauti ya tovuti hiyo. Tazama pia spika ndogo iliyo ndani ya video yenyewe.

Vyote vitatu vikiwa kimya, twende mbele.

Macho kwanza

Kwenye laptopu tafuta kitufe chenye picha ya spika iliyokatwa, katika mstari wa F1 hadi F12. Mara nyingi kina kitaa kidogo, na kitaa kikiwaka sauti imezimwa. Kwenye baadhi ya mashini unakibonyeza peke yake, kwenye nyingine lazima ushike Fn. Watoto wakichezea kibodi, hiki huwa cha kwanza kuguswa.

Kama unatumia bafle, yaani spika za nje, angalia zina umeme na kitufe chake cha sauti hakiko sifuri. Halafu zichomoe kwenye kompyuta uzichomeke kwenye simu au redio. Zikibaki bubu, usiisumbue kompyuta tena. Kwa kukatikakatika kwa umeme wetu, unapoondoka jioni na kurudi kwa kishindo usiku, nimeona bafle nyingi zimeungua transfoma huku kompyuta ikiwa salama.

Kompyuta ya mezani ina matundu ya rangi nyuma. Jeki ya bafle inaingia kwenye kijani. La waridi ni la maikrofoni, la buluu ni la kuingizia sauti kutoka nje. Tundu la mbele likikataa, jaribu la nyuma, kwa sababu la mbele limeunganishwa na bodi mama kwa waya mwembamba, na mashini ikishafunguliwa kusafishwa waya huo husahaulika nje ya mahali pake.

Tena, usidhani kila mnara (lile sanduku la kompyuta ya mezani) una spika ndani. Waliozoea laptopu hununua kompyuta ya mezani, wanaiwasha, kimya, wanarudi dukani na hasira. Baadhi ya minara ina kaspika kadogo, mingine haina kitu. Skrini pia ni hivyo hivyo: nyingi hazina spika kabisa.

Na kama umeunganisha televisheni kwa kebo ya VGA, ile yenye skrubu mbili pembeni, acha kutafuta. VGA inabeba picha peke yake. HDMI na DisplayPort hubeba picha na sauti. Kwa VGA unahitaji kebo ya pili, ya jeki, kutoka tundu la kijani hadi kwenye televisheni.

Tundu la hedifoni

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu mji wetu umelala juu ya mawe ya volkano. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji na kuganda, na vumbi jeusi la mawe hayo linaingia kila mahali: kwenye vitanda, kwenye sahani, kwenye tundu la milimita 3.5.

Ndani ya tundu hilo kuna ulimi mdogo wa chuma wenye springi. Jeki ikiingia inausukuma, na kompyuta inajua hedifoni imefika. Jeki ikitoka, ulimi unarudi na spika zinafunguka. Ulimi ukikwama kwa vumbi, kwa uzi wa nguo au kwa kipande cha jeki, kompyuta inabaki na habari ya zamani. Dalili yake: bofya alama ya spika karibu na saa, na ukute imeandikwa "Casque" au "Écouteurs" ilhali hujachomeka kitu.

Zima kabisa. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka. Mulika ndani kwa tochi ya simu huku ukiiinamisha mashini. Kama ni vumbi, tumia brashi laini ya meno iliyo kavu, kisha ingiza jeki nzima na kuitoa mara kumi hivi, ukiizungusha kidogo kila mara ili ikwangue ule ulimi. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Usitie sindano.

Kama ni ncha iliyokatikia ndani, utaona kitu kinang'aa chini kabisa. Chukua mrija wa wino wa kalamu ya Bic uliokwisha, kata mwisho wake uwe bapa na safi. Uingize taratibu mpaka uivae ile ncha, sukuma kidogo, zungusha, vuta. Ncha nyingi hukatika zikabaki na kijiti chembamba katikati, na mrija hukishika kwa kukibana. Mimi yangu ilitoka hivyo, jaribio la tatu. Ukiona inazidi kuzama, acha. Fundi atafungua na kubadilisha tundu lenyewe, kazi ya kulehemu kidogo.

Kuna dalili nyingine ya tundu ambayo watu huichukua kuwa virusi. Unafungua rumba, magitaa yanalia vizuri, lakini mwimbaji yuko mbali kama anaimba ndani ya pipa, au hayupo kabisa. Hiyo ni jeki ambayo haijaingia mpaka mwisho, au waya wa pamoja uliokatika. Mwimbaji kwa kawaida hurekodiwa katikati, sawasawa kulia na kushoto. Waya wa pamoja usipogusa, pande mbili zinaondoana, na kile kilicho sawa pande zote kinafutika. Sukuma jeki mpaka isikike "tak", au jaribu hedifoni nyingine. Hedifoni za simu zina mistari mitatu myeusi kwenye jeki kwa sababu ya maikrofoni, za kawaida zina miwili. Ile ya mistari mitatu kwenye tundu la zamani hufanya mchezo huohuo, na kuivuta nje kidogo sana wakati mwingine huirudisha sauti.

Mistari ya kijani

Ukinikamata barabarani ukaniambia nichague hatua moja tu, nitachagua hii.

Shika kitufe cha Windows na R pamoja. Kisanduku cha "Exécuter" kitafunguka. Andika mmsys.cpl na ubonyeze Entrée. (Kwenye kibodi ya AZERTY ya Kifaransa nukta inatoka kwa Maj (Shift) pamoja na kitufe cha nukta-mkato. Nimeona watu wakihangaika hapo dakika tano.) Utapata dirisha lenye vichupo vinne, kaa kwenye cha kwanza, "Lecture". Sasa cheza wimbo, uache uendelee, na utazame mistari midogo ya kijivu iliyo kulia kwa kila kifaa. Sauti ikifika kwenye kifaa, mistari yake inakuwa ya kijani na kurukaruka.

Ikiruka kwenye kifaa ambacho si chako, kwa mfano jina la televisheni au la skrini, basi sauti inakwenda mahali ambapo hakuna spika. Hutokea sana baada ya kuchomeka HDMI. Bofya "Haut-parleurs", kisha "Par défaut" chini, na sauti itarudi papo hapo. Usipoona "Haut-parleurs", bofya kwa kitufe cha kulia mahali patupu na uchague "Afficher les périphériques désactivés". Kifaa kilichozimwa kitatokea kikiwa kimefifia. Kibofye kwa kulia na uchague "Activer".

Tazama pia kama kuna Bluetooth. Nilimsaidia baba mmoja ambaye kompyuta yake ilikuwa inaimba kwa nguvu zote chumbani kwa mwanawe, ndani ya bafle ya Bluetooth waliyoiunganisha siku ya sikukuu na kuisahau.

Mistari ikiruka kwenye "Haut-parleurs" zako hasa na bado husikii, Windows imemaliza kazi yake. Kinachobaki ni tundu, waya au spika yenyewe. Rudi juu. Kuformati hapa ni kumpa dawa mtu asiye mgonjwa.

Isiporuka popote, kosa liko kabla ya hapo. Na kama dirisha ni tupu, limeandika kwamba hakuna kifaa cha sauti, ruka sehemu inayofuata uende kwenye piloti.

Mistari isiporuka

Bofya kwa kulia alama ya spika karibu na saa, fungua "mélangeur de volume". Kila programu iliyo wazi ina mstari wake wa sauti hapo, na unaweza kukuta kivinjari kiko sifuri wakati mambo mengine yote ni mazima.

Sauti ikipotea au kufifia kila unapopigiwa simu kwenye kompyuta, rudi mmsys.cpl, kichupo cha "Communications". Windows hupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 ikihisi mazungumzo, na wakati mwingine hairudishi. Chagua "Ne rien faire".

Halafu huduma. Windows na R, andika services.msc, tafuta "Audio Windows", bofya kwa kulia, "Redémarrer". Fanya vilevile kwa ile yenye jina refu, "Générateur de points de terminaison du service Audio Windows". Kama moja imesimama na haitaki kuanza, usipigane nayo bado. Washa upya kompyuta kwanza.

Nikisema kuwasha upya, nina maana ya "Redémarrer". Wengi huzima kwa "Arrêter" na kuwasha wakiamini ni kitu kimoja. Tangu Windows 8, "Arrêter" huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski ili kesho iwake haraka, na kosa la jana linahifadhiwa pamoja nacho. "Redémarrer" huanza upya kweli.

Ikishindikana, itoe mashini umeme wote. Zima, chomoa chaja, toa betri ikiwa inatoka, shika kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha rudisha vyote. Chipu ya sauti iliyoganda inapata kulala na kuamka. Haigharimu hata mega moja ya intaneti, ndiyo maana naiweka kabla ya piloti.

Piloti, kwa mega chache

Windows na R, andika devmgmt.msc. Fungua "Contrôleurs audio, vidéo et jeu".

Mshale mdogo unaotazama chini juu ya jina maana yake kifaa kimezimwa, yaani kodi (nambari ya kosa) 22: bofya kwa kulia, kiwashe. Pembetatu ya njano: bofya mara mbili usome nambari. Kodi 10 ni kifaa kimeshindwa kuanza, kodi 28 ni piloti haipo.

Kama kifaa kipo na kina pembetatu, au kiliacha kusema baada ya Windows kujisasisha, fanya hivi:

1. Bofya kwa kulia jina la kifaa, chagua mstari unaoanza na "Désinstaller".
2. Kitatokea kisanduku cha kuuliza kama ufute na piloti yenyewe. Usikiweke alama. Ukiiweka, Windows itatupa faili na utalazimika kuzitafuta kwa mega zako.
3. Juu, kwenye "Action", chagua "Rechercher les modifications sur le matériel", au washa upya.

Kifaa kitarudi kwa piloti ileile iliyokuwa kwenye diski. Kama bado ni bubu, kuna piloti ya jumla ya Microsoft ambayo tayari imo ndani na haidai intaneti. Bofya kwa kulia, "Mettre à jour le pilote", chagua njia ya pili, ya kutafuta ndani ya kompyuta yenyewe, kisha mstari wa chini wa kuchagua kwenye orodha. Ikiwemo "Périphérique High Definition Audio", ichukue. Utapoteza vitu vya urembo kama ekolaiza ya Realtek (mtengenezaji wa chipu za sauti), lakini sauti itatoka. Mashini nyingi za mitumba ninazokutana nazo zinaishi na piloti hiyo bila shida.

Kama jina la kifaa halipo kabisa, tazama "Autres périphériques". Kilichoko hapo na alama ya njano, kibofye mara mbili, nenda "Détails", na kwenye orodha ya juu chagua "Numéros d'identification du matériel". Utaona maandishi marefu. Tafuta VEN_. Ikifuatwa na 10EC, chipu ni ya Realtek. 14F1 ni Conexant, 111D ni IDT. Iandike kwenye karatasi pamoja na modeli kamili ya kompyuta iliyo kwenye kibandiko cha chini, uende saiberi na flashi, na upakue piloti kutoka tovuti ya aliyetengeneza mashini: HP, Dell, Lenovo. Piloti moja, faili moja. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitatafuta piloti zote kwa mkupuo mmoja sizitumii na sizipendekezi kwa mtu. Zinakula mega na kuacha takataka.

Kama hakuna kitu wala kwenye "Autres périphériques", ingia BIOS, yaani mipangilio ya mashini iliyo kabla ya Windows: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, ukibonyeza mara tu mashini inapowaka. Tafuta neno "Audio" uone kama limezimwa. Mashini zilizotoka kwenye ofisi za Ulaya nimezikuta hivyo mara mbili. Huenda wenyewe hawakutaka kelele kazini.

Ni mashini au ni Windows?

Ukiwa bado na wasiwasi, ijaribu mashini kwa mfumo mwingine. Flashi ya Ubuntu, mfumo unaotumika badala ya Windows, inawasha kompyuta bila kugusa diski, mradi uchague kuijaribu na si kuisakinisha. Ubuntu ya sasa ina zaidi ya giga 5, kwa hiyo usiipakue kwa simu. Omba kwa mwenye nayo, wanafunzi wa informatiki huwa nayo. Chomeka, washa ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo au F9 kwa HP, chagua flashi. Ikisema kwa Ubuntu, vifaa ni vizima na Windows ndiyo mkosaji. Ikinyamaza kwa zote mbili, na tundu umelisafisha, chipu au spika imekufa.

Chipu iliyokufa haina maana ya kununua kompyuta mpya. Kuna kadi ya sauti ya USB, kadude ka ukubwa wa kidole gumba kenye matundu mawili, la hedifoni na la maikrofoni. Windows huitambua yenyewe bila wewe kutafuta piloti. Kachomeke, rudi mmsys.cpl, kachague, bofya "Par défaut". Bei yake ni dola chache. Kijana aliyeniita "yaya" siku ile ndiye aliyenionyesha kwa mara ya kwanza, na ninaposikiliza habari asubuhi kwenye Dell ya zamani ya mezani, sauti inatokea huko, tundu la kushoto, lenye plasta niliyoibandika ili watoto wasikachomoe.